Firigisi Iliyoitangaza Sydney

Nikianza tu kusimulia habari za Symphorien, lazima atokee mtu wa kunikatiza: "Si yule bwana yako wa kwenye tangazo?" Hapo damu hunichemka. Bwana yangu wa wapi? Symphorien ni Mkongomani wa Uvira, mimi Wilkister ni Mluhya wa Butere, na kabla ya siku ile ya tangazo sikuwa nimemtia machoni. Ila wenye kazi ya kuuza jina la mji huu walituketisha pamoja, dunia ikatazama, dunia ikaamini. Basi leo nasema yote mara moja, na atakayeniuliza tena nitamfungia mlango.

Symphorien alikuwa akifanya kazi Smithfield, kwenye ghala la karatasi za choo na sabuni, akiendesha foklifti. Mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya chini hadi inabidi umwambie arudie. Alikuja Australia peke yake kutoka kambi ya Nakivale kule Uganda, kwa mpango wa wakimbizi. Mama yake alizikwa huko kambini, na ndugu zake vita viliwatawanya, wengine hajui kama wapo. Aliyebaki wa kumwita wake ni Concilie. Mahari ya Concilie aliitoa akiwa tayari yuko huku. Mjomba wake wa mbali, wa pale kambini, aliwapeleka mbuzi kwa Mzee Salvator, baba yake Concilie, na Symphorien akahudhuria harusi yake mwenyewe kwa simu, amevaa suti, amesimama nje kwenye baridi ya Fairfield kwa sababu ndani mtandao ulikuwa haushiki. Kule wazee walikula, wakanywa, wakacheza. Yeye alitazama. Tangu siku hiyo mbele ya Mungu na mbele ya wazee walikuwa mke na mume. Mbele ya serikali ya Australia walikuwa faili la viza.

Tulikutana Desemba 2019, mwezi ule misitu ilipokuwa ikiungua na moshi umelala juu ya Sydney hadi macho yanawasha. Kanisani kwetu St Marys lilisomwa tangazo kwamba kampuni fulani inatafuta familia za Kiafrika zenye furaha, waigize kwenye filamu fupi ya kuutangaza mji ng'ambo, ili wanafunzi waje, watalii waje, wenye biashara waje. Familia sikuwa nayo. Mume wangu, Gitau, alikwenda Perth kutafuta kazi ya migodini. Kazi aliipata, na mke akampata huko huko. Mtoto hatukujaliwa. Lakini mchungaji aliniambia, "Sister Wilkister, wewe una meno mazuri, nenda tu." Nikaenda. Mimi ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee. Siku nzima nawaosha na kuwalisha watu wasiojua jina langu. Siku moja ya kupakwa poda ningeikataa kwa nini?

Symphorien yeye alipelekwa na shirika la kusaidia wakimbizi la pale Fairfield. Tulifikia kwenye nyumba kubwa ya kukodi upande wa bandarini, ina bustani na mti wa maua ya zambarau, na chini ya mti meza ndefu ajabu. Walitutazama, wakanong'onezana, wakasema: nyie wawili ni mke na mume. Tukapewa na watoto, mmoja wa Wahabeshi, mwingine mama yake anatoka Sierra Leone. Weusi ni weusi tu, kumbe ukoo ni rangi! Symphorien aliinama akaniambia kwa sauti yake ya kunong'ona, "Dada, pardon, mimi niko na bibi yangu Uganda." Nikamwambia, "Na mimi niko na kazi kesho asubuhi. Kaa tupigwe picha twende nyumbani."

Mwongozaji alikuwa binti wa Kizungu aitwaye Bridie, mchangamfu, anakugusa bega akiongea. Nilimuuliza faida ya mambo yote haya ni nini, maana Sydney nani asiyeijua? Akaniambia kwamba zamani nchi ikitaka kuheshimiwa ilipeleka manowari, lakini siku hizi inapeleka hisia. "Hatumlazimishi mtu aje, Wilkister. Tunamfanya atamani mwenyewe. Hiyo ndiyo nguvu kubwa kuliko zote."

"Kwetu hiyo inaitwa kutongoza," nikamwambia.

Alicheka mpaka akashika meza. Nikamwambia na methali yetu pia, kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Akasema siku hizi hata kizuri kinatembezwa, tena kwa gharama. Nyuma yake fundi wa kompyuta alikuwa akionyesha jinsi atakavyolifuta lile anga la moshi na kupaka anga jingine, la bluu.

Sasa chakula. Bridie alikuwa ametuomba tupike kitu cha kwetu, kionekane cha kweli. Mimi nililetewa habari hizo mapema, nikapika kuku kama anavyopikwa Butere, kuku mzima na kila kilicho chake, tena nilimpata kwenye bucha la Wavietnamu Fairfield maana kuku wa supamaketi huuzwa wamekwisha kung'olewa kila kitu. Nikasonga na ugali. Ugali waliutazama kwenye kamera wakasema unafanana na mto wa kulalia, ukaondolewa, ukawekwa mkate. Nilinuna, lakini nani ananisikiliza? Kuku wangu naye alipakwa mafuta kwa brashi ili ang'ae. Halafu nikajifunza kwamba kula mbele ya kamera si kula. Unatafuna, wanasema kata, unatemea kwenye ndoo iliyofichwa chini ya meza, mnaanza upya. Wallahi, mama yangu angeona watu wazima wanatema kuku kwenye ndoo angeita mchungaji akemee pepo.

Tatizo lilikuwa Symphorien. Alikuwa hawezi kucheka. Bridie alimwambia afikirie jambo la furaha, naye akawa anatoa meno kama mtu aliye kwa daktari wa meno. Wakarudia, wakarudia. Watoto wakaanza kulia kwa kuchoka. Jua likawa linateremka. Bridie akasema mara ya mwisho, mama mpakulie baba chakula, basi.

Nikampakulia. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, sikuuagiza. Pale mezani mwanamume wa Kiafrika alikuwa ni huyo mmoja, na kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Haipewi mtoto, mwanamke haonji, na mimi nimeona kwa macho yangu ndoa ya jirani ikitikisika kwa sababu paka alikula firigisi. Basi nikaichagua kwenye bakuli nikaiweka kwenye sahani ya Symphorien, na kichwa nikainamisha kidogo, kama nilivyofundishwa.

Symphorien akaitazama firigisi. Akanitazama mimi. Akaitazama tena. Kisha kikamtoka kicheko ambacho hata sasa nikikikumbuka nacheka peke yangu, kicheko cha tumboni, mabega yanaruka, machozi yanamtiririka, na mimi nikaambukizwa, na watoto wakaambukizwa. Bridie alikuwa akipiga kelele, "Msikate! Msikate!" Yeye hakujua kile kipande cheusi ni nini. Aliwaambia wapige picha ya karibu, mkono wangu, sahani, uso wa Symphorien akiitia firigisi mdomoni.

Tulipokuwa tukingoja gari nilimuuliza kilichomchekesha. Alisema tangu mama yake afariki hakuna mtu aliyewahi kumwekea firigisi. "Kuku ya huku hawana, dada. Nilianza kufikiri wanazaliwa bila." Nikacheka, yeye safari hii hakucheka.

Miezi michache baadaye corona ikaingia, mipaka ikafungwa, na filamu ikawekwa kabatini, maana utamtongozaje mtu ambaye umemfungia mlango? Faili la Concilie nalo likalala. Kila akipiga simu Symphorien anaambiwa asubiri. Mimi na yeye tukazoea kupigiana Jumapili baada ya ibada ya kwenye simu. Ananiuliza nimepika nini, namuuliza amekula nini, tunaomba, tunaagana. Hakuwa mtu wa kulalamika. Nchi nzima ilipokuwa ikipigania karatasi za choo kama dhahabu, yeye ndiye aliyekuwa akizibeba, na aliniambia kwa mshangao kwamba mtu mmoja barabarani aliiona fulana yake ya kazi akampigia makofi. Aliyempigia makofi alikuwa upande wa pili wa barabara, lakini.

Ikaja baridi ya 2021, na hapo ndipo tuliponyooshwa. Fairfield na mitaa ya karibu ikafungwa kuliko upande mwingine wa mji. Huendi mbali na kwako, humwingii mtu ndani, helikopta inazunguka juu, na mwishowe wanajeshi wakaletwa wagonge milango pamoja na polisi. Watu wa Fairfield wengi ni waliokimbia wanajeshi, jamani! Mtu ametoka Iraki, ametoka Siria, ametoka Kongo, anafungua mlango anaona magwanda. Upande wa baharini watu walikuwa wanaota jua mchangani. Nilikasirika nikaacha kutazama habari.

Na wiki zile zile, eti filamu yetu ikatolewa kabatini. Waliogopa dunia isije ikausahau mji wakati mlango umefungwa, basi wakaitia maneno mapya: *Meza yetu inakusubiri.* Meza gani? Mtaani kwa Symphorien ukiketi na mwenzako kwenye benchi polisi anakuja kuwauliza mnafanya nini. Lakini nisiseme uongo, filamu yenyewe ilikuwa tamu. Anga la bluu, mti wa zambarau, kuku anang'aa, mimi nimependeza, Symphorien anacheka. Niliitazama kazini wakati wa chai, nimevaa barakoa mbili, na mimi mwenyewe nikatamani kuhamia Sydney.

Filamu haihitaji viza, inapita popote. Ilipita Kampala, ikarushwa kutoka simu hadi simu, ikaingia Nakivale, ikamfikia Mzee Salvator.

Symphorien alinipigia siku isiyo Jumapili. "Dada," akasema, "nimekufa."

Nikasimama. "Umepimwa? Ni corona?"

"Hapana. Ni firigisi."

Nilimwambia arudie, nikidhani ni ile sauti yake. Akarudia. Wakwe zake na kambi nzima walikuwa wameitazama filamu, wakairudisha nyuma, wakaitazama tena. Mjomba wake alijaribu kumtetea, akasema hayo ni maigizo. Mzee Salvator akamjibu kwamba yeye si mshamba, maigizo anayajua. Nyumba inaweza kuazimwa. Watoto wanaweza kuazimwa. Hata mke ataazimwa akae kwenye kiti. Lakini mwanamke kumchagulia mwanamume firigisi kwenye bakuli na kumwinamia, hilo nani aliwafundisha Wazungu? Hilo halikuandikwa na Mzungu. Hilo limetoka nyumbani kwao, wamelizoea kila siku.

Na kweli, ukifikiri, mzee alikuwa na hoja. Kwa Bridie kile kilikuwa kipande cha nyama. Kwa mtu yeyote kuanzia Butere hadi Uvira kilikuwa cheti cha ndoa.

Kikao cha wazee kiliitwa Jumapili. Symphorien akishindwa kujieleza, mbuzi watarudishwa kwa mjomba na Concilie atakuwa huru, tena palikuwa na mwenye duka pale kambini, mjane wa kiume, aliyekwisha kuonyesha nia. "Dada, nikimkosa Concilie sina mtu," Symphorien akasema. Hakulia. Alisema tu, na mimi nilijua anasema kweli. "Njoo Fairfield tukae mbele ya simu pamoja, uwaambie."

"Wewe umerukwa na akili?" nikafoka. "Niwaambie mimi si mkeo, halafu watuone tumekaa chumba kimoja? Si ndiyo tutakuwa tumemaliza kesi! Kaa kwako, nikae kwangu. Kwanza ni sheria." Ilikuwa mara ya kwanza kuifurahia ile sheria.

Zaidi ya hayo yeye wakati huo alikuwa haruhusiwi hata kutoka mlangoni. Kazini kwao alipatikana mgonjwa, wote wakaambiwa wajifungie. Alikuwa amepanga chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya familia ya Wairaki, na mama mwenye nyumba alikuwa akimwekea mkate mlangoni, anagonga, kisha anakimbia.

Jumapili ikafika. Kwetu jua lilikuwa linazama, kwao ni asubuhi. Nilivaa kitenge, nikafunga kilemba, nikaketi mezani kwangu na simu nimeiegemeza kwenye kopo la majani ya chai. Kwenye kioo nikawaona wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki, Mzee Salvator katikati ameshika fimbo, na pembeni kabisa kwenye mkeka msichana mwenye kitambaa cheupe, ameinamisha uso. Ndiye Concilie. Kwao, kama kwetu tu, kikao kikiwa cha kumhusu binti, binti hasemi. Symphorien alikuwa kwenye kipande chake cha kioo, amevaa ile suti ya harusi, imemlegea. Nyuma yake pazia la maua, kama siku zote anapopiga simu.

Salamu zilichukua muda, kama inavyopaswa. Kisha Mzee Salvator akauliza, "Mama, wewe ndiye uliyempa mkwe wangu firigisi?"

"Ni mimi, baba. Lakini hakuila."

Wazee wakatazamana.

"Tumeiona ikiingia mdomoni," mmoja akasema.

"Iliingia ikatoka! Aliitema. Palikuwa na ndoo chini ya meza, baba, kila kitu tulikuwa tukitema. Ile nyama ilikuwa imepakwa mafuta kwa brashi kama mlango." Nikawaeleza yote, Bridie, anga la kupakwa, ugali uliofukuzwa, watoto wa watu. Nilisema kwa kasi, mikono inaenda huku na huku. Pakazuka ubishi baina yao kama firigisi iliyotemwa imeliwa au haikuliwa. Mmoja alisema kilichovuka meno kimeliwa. Mwingine akasema hapana, cha kuhesabiwa ni kilichofika tumboni. Symphorien alikuwa akisema, "Wazee, muko munaniona kama muongo, lakini mimi sina mwingine," na hakuna aliyemsikia.

Mzee Salvator akapiga fimbo chini. "Mama, unaongea vizuri. Lakini mwanamke wa watu akisingiziwa, mume wake ndiye huja kusema huyu ni wangu. Mwite mume wako tumwone, tumalize."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Ningeweza kumkodi mtu kanisani, dhambi ipo lakini ningeweza, kama ningejua. Sasa macho yote ya Nakivale yalikuwa juu yangu.

"Sina mume, baba. Aliondoka."

"Kaka yako basi. Au mtoto wako mkubwa. Mtu yeyote wa nyumbani."

"Niko peke yangu."

Niliona jinsi nyuso zilivyobadilika. Nilikuja kumtetea mtu, nikamzamisha. Mwanamke asiye na mume, mji ule ule, firigisi ile ile! Hata mimi ningekuwa mzee pale ningehukumu hivyo hivyo. Symphorien aliinamisha kichwa. Mzee Salvator akaanza kumwambia mjomba, kwa upole kabisa, mahali mbuzi walipo.

Ndipo yule msichana wa mkekani akainuka. Wazee walimwambia akae, hakukaa. Akaichukua simu mkononi, uso wake ukajaa kioo kizima. Msichana wa kawaida, ana kovu dogo kwenye nyusi, macho mekundu.

"Symphorien," akasema, "geuza simu. Nionyeshe unapokaa."

"Concilie, mtandao huku…"

"Miaka yote hii unanipigia umekaa mbele ya pazia hilo. Igeuze simu."

Jamani, sikuwa nimelifikiria. Mimi mwenyewe sikuwahi kuingia kwake. Symphorien hakuwa amemdanganya mkewe, hakuwahi kusema ile nyumba ya bandarini ni yake. Alikuwa tu hajawahi kugeuza simu. Na filamu ilipofika kule, labda, nani ajuaye, aliona afadhali wamdhanie hivyo kidogo kuliko wamjue. Kisha mkono wake ukaja mbele, picha ikayumba, ikageuka.

Pazia lilikuwa halina dirisha nyuma yake, lilikuwa limening'inizwa ukutani tu. Godoro chini, limetandikwa vizuri. Dirisha moja dogo, na nje yake ua wa bati. Maboksi ya karatasi za choo ndiyo kabati la nguo. Kiti ni kile alichoketi. Kwenye meza ndogo ya plastiki jiko la umeme, sufuria, na mkate wa yule mama.

"Sogea hapo kwenye vyombo," Concilie akasema.

Akasogea.

"Sahani nyingine iko wapi?"

"Ni hiyo."

"Nimeuliza nyingine."

"Haiko. Iko hiyo moja."

"Kikombe?"

"Moja."

"Kijiko?"

Symphorien akakiinua tu. Kijiko kimoja, mbele ya kambi nzima. Mimi nilitazama pembeni, nikaona aibu kama nimemwona mtu anaoga.

Concilie alimgeukia baba yake. Hakupaza sauti. "Baba, mwanamume aliyeolewa na mwanamke wa mjini hawezi kuwa na kijiko kimoja," akasema. "Yule anayecheka kwenye filamu mimi simjui. Huyu ndiye wangu."

Jogoo akawika huko, nikasikia.

Kisha akamrudia mumewe. "Kwa hiyo ile meza haipo?"

"Haipo."

"Na mti?"

"Mti iko, lakini ni ya watu."

"Na bado unataka nije?"

Symphorien aliigeuza simu upande wake. Nikaona mabega yanaanza kutikisika, na safari hii hakikuwa kicheko. "Bado," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sauti yake ilisikika bila kurudiwa.

"Basi nitakuja na sahani yangu," Concilie akasema, akarudi mkekani, akakaa, akajifunika uso kwa kitambaa.

Mzee Salvator alikohoa kidogo, akasema mbuzi wabaki walipo, na mkwe wake ale, maana suti inamwogelea. Mipaka ilikuwa ingali imefungwa na faili lingali limelala, hakuna aliyemdanganya mwenzake juu ya hilo. Lakini nilimwona Symphorien lile pazia amelisogeza, amekaa mbele ya ukuta mtupu, anafuta uso kwa mkono wa suti. Nilifurahi, nasema kweli. Nilifurahi, kisha nikavitazama viti vingine vya mezani kwangu, vyote vitupu.

Wazee wakaanza kuaga, mmoja mmoja, kwa utaratibu wao. Mzee Salvator alinitafuta kwenye kioo mwisho.

"Mama, asante. Umetusaidia kujua kweli. Sasa utusalimie watu wote wa kwako hapo nyumbani."

"Zitafika, baba," nikamjibu.